Ufunguo wa Kumi na Mbili

Jumatatu, Machi 2

Kwa taarifa ya walio hai na watakaozaliwa: leo, saa nne na robo asubuhi, mbele ya watumishi tisa, wagonjwa ishirini na mmoja na kuku mmoja asiye na kadi, sanduku la maoni la kituo chetu cha afya limetundikwa rasmi ukutani, kwenye baraza, mkabala na dirisha langu. Ni la mbao na limepakwa rangi ya bluu. Seremala amelitundika juu sana, kwa hiyo kwa sasa wenye haki ya kulalamika ni warefu peke yao. Tundu la kutumbukizia karatasi ameliweka juu, kwenye kifuniko, ili watu wasichokonoe za wenzao kwa mbele. Kufuli ni jipya, la shaba. Yalinunuliwa mawili ya aina moja, la pili likaenda stoo ya mafagio.

Nimekaa mapokezi miaka kumi na tisa. Naandika kadi, natafuta mafaili, ndiyo maana wananiita Mama Mafaili. Kiunoni nina funguo kumi na moja, na hakuna mlango wa kituo hiki unaofunguka bila mimi kusikia. Ufunguo wa sanduku wamempa mdogo wangu.

Jumanne, Machi 3

Nieleze vizuri, maana jana hasira zilinikaba.

Serikali imeagiza kila kituo kisimamiwe na kamati ya wananchi. Kamati ina mwenyekiti, mwenyekiti ana ufunguo, na sanduku litafunguliwa mara moja tu kwa msimu, Ijumaa ya mwisho ya Mei, mbele ya afisa kutoka wilayani. Nilitaka kugombea. Hotuba nilikuwa nayo, nimeifanyia mazoezi mbele ya makabati. Mkuu wa kituo akasema mtumishi hawezi kujisimamia mwenyewe, ni kumkabidhi fisi bucha. Watu wakacheka. Fisi nilikuwa mimi.

Akachaguliwa mdogo wangu, muuza machungwa. Kasoma mpaka kidato cha nne. Mimi niliachia darasa la nne ili nibaki kumlea yeye, na kusoma nilikuja kujifunzia kwenye mafaili ya watu, ndiyo maana mpaka leo neno linalonitoka kwa haraka kuliko yote ni "kuharisha". Yeye alipopigiwa makofi aliinamisha kichwa kidogo, kama bibi harusi. Hakuna aliyemfundisha. Vitu vingine mtu anazaliwa navyo ili amuudhi dada yake.

Alhamisi, Machi 5

Muuguzi wa majumbani hakuja.

Mama yetu analala kwangu. Ana mwaka wa pili tangu kiharusi kimlaze upande. Kituo kina wagonjwa kumi na wanne wa namna yake, na kila Alhamisi muuguzi huwazungukia kwa pikipiki ya huduma: anasafisha vidonda, anapima presha, anawaonyesha wanaouguza namna ya kumgeuza mtu bila kumchubua. Pikipiki haijaonekana tangu katikati ya Februari, na vijiji vingine haviendeki kwa miguu. Mkuu anasema iko matengenezo na kwamba jambo hili tutalifanyia kazi. Ndilo jina tulilompa, Tutalifanyiakazi, ingawa si la kumwitia mbele yake.

Ijumaa, Machi 6

Matengenezo yanakwenda vizuri. Nimeiona pikipiki sokoni imebeba trei za mayai ya kuku wa Tutalifanyiakazi. Nimenunua sita. Mazuri, sitaki kusema uongo.

Jumanne, Machi 10

Mvua imeanza.

Leo sanduku limepata karatasi yake ya kwanza. Fundi cherehani, yule mzee anayeshonea chini ya jengo la posta, alisimama dirishani kwangu kofia mkononi. Mke wake ni mmoja wa wale kumi na wanne. Akasema, "Mama, mimi mkono wangu unajua kitambaa, kalamu hauijui. Niandikie." Nikamwandikia: *Mke wangu ana kidonda kiunoni, upana wa kifuniko cha chupa ya chai. Muuguzi hajaja Alhamisi tatu. Naomba aje.* Akaniuliza kama niweke neno la ukali. Nikamwambia ukali upo tayari kwenye kile kifuniko cha chupa. Tundu hakulifikia. Nikamtolea kigoda changu.

Nimeyanakili maneno yake hapa kwenye daftari, na nitafanya hivyo kwa wote nitakaowaandikia. Si kwa wema. Mdogo wangu ana ufunguo. Mimi nataka niwe nimeshajua kilichomo kabla yake.

Alhamisi, Machi 19

Hakuja.

Mdogo wangu wamempa kitambulisho cha kamati, cha kuning'iniza shingoni kwa utepe wa kijani. Anakivaa mpaka sokoni, kwenye machungwa, kama ng'ombe wa maonyesho aliyeshika nafasi ya pili.

Jumamosi, Machi 21

Mama namgeuza mara sita kwa siku. Namlisha, namwosha, nambadilisha, na mchana ninapokuwa kazini nimemwachia mpangaji wangu, ambaye naye namlipa kwa kumvumilia. Mdogo wangu anakuja jioni, dakika kumi, na machungwa manne yaliyomshinda kuuza. Anakaa kitandani na kitambulisho chake. Na Mama, ambaye kwangu hutoa neno moja kwa siku, na hilo moja ni "baridi", leo alimshika utepe akasema, vizuri kabisa, "Mwenyekiti."

Nilikwenda kuosha beseni. Lilikuwa safi.

Alhamisi, Machi 26

Hakuja. Karatasi zimefika tisa. Kigoda changu sasa kinakaa barazani moja kwa moja, na mimi nakalia maboksi ya kadi.

Alhamisi, Aprili 2

Hakuja. Mvua.

Jumatano, Aprili 8

Nimegundua jambo.

Mfereji wa bati umetoboka juu ya baraza, na maji yanadondoka, tone baada ya tone, katikati ya kifuniko cha sanduku, palepale kwenye tundu. Seremala angepima kwa kamba asingelenga hivyo. Chini ya sanduku kuna mstari wa maji ya bluu unaoteremka ukutani. Ni wino. Ni mwandiko wangu unaotoka.

Mdogo wangu alipita saa nane kukagua foleni. Alitazama wagonjwa, akatazama choo, akaandika kitu. Ukuta hakuutazama. Nilifungua mdomo nimwambie. Akanitangulia: "Dada, hicho kigoda hapo barazani kinazuia njia. Kamati imeliona." Akaweka kitambulisho chake sawa.

Nikaufunga mdomo. Ufunguo si wangu.

Jumanne, Aprili 14

Niandike na hili, kwa kuwa daftari nililoanza kwa kusema kweli siwezi kulimalizia kwa kudanganya.

Leo nimetumbukiza karatasi yangu mwenyewe. Nimeiandika kwa mkono wa kushoto: *Mwenyekiti wa kamati anajisikia. Anakagua wasiougua. Mama yake mzazi anauguzwa na mtu mwingine.* Sikuweka jina. Nilipanda kigoda wakati wa chakula, kila mtu akiwa ndani. Ilipoangukia humo nilisikia sauti ya kitu kinachotua kwenye uji.

Jumatano, Aprili 15

Nimekula vibaya.

Alhamisi, Aprili 23

Hakuja. Kumekuja waraka, na kwa vile barua zote zinapitia kwangu nimeusoma wa kwanza. Wilaya inapunguza. Mwisho wa msimu itatazama malalamiko ya wananchi, na huduma isiyolalamikiwa itahesabiwa kuwa haina wahitaji. Muuguzi wa majumbani ameandikwa kwa jina la cheo. Ikiwa Mei ishirini na tisa hakutatoka malalamiko yanayomhusu, atahamishiwa kituo kingine, na pikipiki itabaki hapa kwa "shughuli za kiutawala". Yaani mayai.

Tutalifanyiakazi aliusoma akasimama, akalitazama sanduku kupitia dirishani kwangu, akatazama mstari wa bluu. Akaniambia, kwa upole wa mtu aliyeshiba, "Mvua ya mwaka huu ni baraka, Mama Mafaili."

Kumbe naye ameona. Sasa tunaojua tuko wawili, na sijawahi kukaa upande mmoja na mtu huyu nikajisikia vizuri.

Alhamisi, Aprili 30

Hakuja. Mama ana wekundu kisiginoni. Nimewasha taa mchana kumwangalia. Nimeweka mto.

Jioni mdogo wangu alikuja na machungwa. Nikasema moyoni, leo namwambia. Akakiona kisigino akaniuliza, "Dada, unamgeuza kweli?"

Sikumwambia.

Alhamisi, Mei 7

Hakuja. Wekundu umefunguka, ukubwa wa kitufe cha shati.

Fundi cherehani amekuja kwa mara ya tano. Safari hii hakuomba niandike. Aliuliza kama zile nne zimeshasomwa. Nikamweleza kwamba sanduku linafunguliwa mwisho wa Mei. Akahesabu kwa vidole, akasema mke wake hana vidole vingi hivyo.

Jumanne, Mei 12

Mke wa fundi cherehani amezikwa leo.

Jumatano, Mei 13

Nimelivika sanduku mfuko wa nailoni na kuufunga kwa kamba. Limeacha kudondosha. Nadhani lilikuwa limeshamaliza.

Jumanne, Mei 26

Daftari hili ni la zamani la wagonjwa wa nje. Niliandika kuanzia nyuma, kurasa zilizobaki wazi. Leo nimelisoma lote. Wino wa kwenye sanduku umeteremka ukutani, lakini nakala zote ziko hapa: karatasi ishirini na tatu nilizowaandikia watu, na tarehe, na ile yangu. Kati ya hizo, kumi na saba zinamtaja muuguzi wa majumbani. Alhamisi alizokosa kuja zipo. Na katikati ya Alhamisi mbili, kila mara, yupo mdogo wangu, na nilivyomsema.

Nimefikiria kunakili malalamiko peke yake kwenye karatasi safi. Nimenakili moja. Linaonekana kama kitu nilichokitunga jana.

Ijumaa, Mei 29

Kikao kimefanyika barazani. Watu walifika kama mia, wengine kwa ajili ya kivuli. Afisa wa wilaya ni mama mfupi, mwenye miwani ya kusomea na kalamu mbili, na hakunywa soda aliyopewa. Tutalifanyiakazi alimkaribisha, akasema kwamba katika msimu wote hajafikishiwa lalamiko hata moja kwa mdomo, na kwamba anasubiri kwa hamu maoni ya sandukuni.

Mdogo wangu akainuka. Alivaa gauni jeusi, alilolivaa msibani kwa fundi, na ule utepe. Alipanda kigoda changu, akatoa mfuko, akaingiza ufunguo, akafungua. Watu walinyamaza mpaka nikasikia mfereji.

Alitia mkono akatoa ujiuji. Ulikuwa wa bluu, umemjaa kiganjani, unachuruzika mpaka kwenye kiwiko. Akatoa tena. Mara ya tatu alitoka na konokono. Mtu mmoja nyuma alicheka akanyamazishwa. Fundi cherehani alikuwa amekaa mstari wa mbele, kofia gotini, akitazama ule mkono.

Afisa aliuliza kama kuna karatasi hata moja inayosomeka. Mdogo wangu akatikisa kichwa. Afisa akasema, si kwa ubaya, kwamba yeye anaandika kilichopo, na kwamba kwenye fomu yake atalazimika kuweka *hakuna*. Akaishika kalamu.

Mdogo wangu alisimama juu ya kigoda, mkono umemchafuka, na nikaona kitu ambacho nilikuwa nimekisubiri tangu Machi: ameaibika mbele ya watu. Nilidhani kingekuwa kitamu zaidi.

Mtumishi haruhusiwi kusema kwenye kikao cha wananchi. Ni mwenyekiti tu anayewasilisha. Kwa hiyo nililitoa daftari chini ya kadi, nikalipitisha dirishani. Likapita mikono mitatu likamfikia. Nikamwambia, "Anzia nyuma. Ruka yanayokuhusu."

Alijifuta mkono kwenye gauni, akafungua, akasoma kimya kurasa mbili. Nilimwona anavyobadilika usoni. Kisha akaanza kusoma kwa sauti, na hakuruka.

Alisoma seremala na kuku. Alisoma Machi kumi, kifuniko cha chupa ya chai, fundi akavaa kofia akaivua. Alisoma pikipiki na trei za mayai na kwamba nimenunua sita. Alisoma, kwa sauti ileile, bila kupanda wala kushuka, "Kama ng'ombe wa maonyesho aliyeshika nafasi ya pili." Baraza zima likaangua kicheko. Akasubiri kiishe, akaendelea na tarehe iliyofuata.

Afisa alikuwa akiandika mfululizo. Hapo akainua miwani akauliza, "Na haya ya ng'ombe, mwenyekiti, niyaandike?"

Mdogo wangu akasema, "Andika yote, bi. Tukikata moja watasema tumekata na mengine."

Akasoma Aprili nane, maji na wino, na kwamba niliona nikanyamaza. Akasoma Aprili kumi na nne. Hapo alijikwaa kwenye maneno "mtu mwingine", akarudia sentensi kutoka mwanzo, kama mwanafunzi. Akasoma waraka, na baraka ya mvua, na watu wote wakageuka kumtazama Tutalifanyiakazi, ambaye alikuwa anatazama bati. Akasoma Mei kumi na mbili. Ni mstari mmoja tu, lakini aliusoma polepole kuliko yote, kisha akafunga daftari.

Na kitu kilichoniuma zaidi, zaidi hata ya kuonekana uchi mbele ya foleni yangu mwenyewe, ni kwamba anasoma vizuri kuliko ninavyoandika.

Afisa akamwuliza fundi kama maneno ya Machi kumi ni yake. Fundi akasema ni yake, ila yeye alitaka yawe makali zaidi.

Malalamiko kumi na saba yamepokelewa. Muuguzi hahami. Pikipiki irudi kituoni kabla ya jua kuzama.

Jumamosi, Mei 30

Pikipiki imerudi. Ina manyoya ya kuku kwenye kiti. Tutalifanyiakazi ametakiwa ajieleze kwa maandishi. Amekuja dirishani kwangu kuomba karatasi, na nikampa, kwa kuwa ni haki ya kila mwananchi.

Mimi nimepewa onyo la kwanza, kwa kujua mali ya umma inaharibika na kukaa kimya. Afisa aliliandika kwa ile kalamu ya pili. Nimelifungulia faili mwenyewe. Sikuwa na la kupinga.

Jumanne, Juni 2

Mdogo wangu hajaja kwa Mama siku nne. Mama ameuliza "Mwenyekiti?" mara tatu leo. Nikamwambia yuko kazini. Akanitazama na lile jicho moja linalofanya kazi, la mtu aliyezaa watu wawili na anawajua.

Alhamisi, Juni 4

Amekuja.

Muuguzi amekuja, namaanisha. Alivua kofia ngumu, akanawa, akapiga magoti kwenye kisigino cha Mama karibu nusu saa. Alikuwa ametoka kwa wengine kumi. Hazungukii tena kumi na wanne, akasema, ni kumi na watatu. Kidonda cha Mama kitapona, hakijafika mbali. Kanionyesha kwamba mto nilikuwa nauweka pasipofaa, unatakiwa uanzie kwenye mkunjo wa goti, kisigino kining'inie. Wiki tano nimekuwa nikiuweka kwa bidii mahali penyewe pa kuumiza.

Jioni na yule mwingine akaja. Hakuwa na kitambulisho. Aliweka machungwa manne kwa Mama, kisha akatoa mengine sita, makubwa, yasiyo mabaki, akayapanga mezani mbele yangu moja moja.

"Ya mtu mwingine," akasema.

Nikamenya moja nikampa nusu, akala. Baadaye akauliza zamu ya saa tatu ya kumgeuza Mama ni ya upande gani, na nikamwonyesha, na alimgeuza vibaya, na nikaona raha, na nikamrekebisha.

Alipokuwa anaondoka alitoa ufunguo mfukoni. Afisa ameagiza sanduku lishushwe, liingizwe ndani, lifunguliwe kila Jumatatu, mtumishi akifungua na mjumbe wa kamati akisoma. Akaniwekea mkononi akasema, "Shika, dada. Tangu Machi naona unavyoutazama."

Jumatatu, Juni 8

Mvua imekwisha. Sanduku liko usawa wa kifua, ndani, pakavu. Kiunoni nina funguo kumi na mbili.

Saa nne na robo nilikwenda kulifungua, mdogo wangu pembeni na daftari jipya, watu wakitazama. Sikuharakisha. Kufuli likafunguka mara moja. Kulikuwa na karatasi mbili, kavu. Alizisoma, zote za choo.

Nilipotaka kufunga ndipo nikautazama ufunguo nilioushika. Una uzi mwekundu, niliufunga mimi mwenyewe ili nisiuchanganye. Ni wa stoo ya mafagio.

Nimejaribu mara tatu baada ya watu kuondoka. Unafungua. Umekuwa kiunoni mwangu tangu Machi 2.